Orodha ya Wadai Wangu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kumbe hata kufilisika kunalipiwa! Wakili Gervasi anataka laki nne, ada za mahakama mbali. Nilicheka palepale kitini. Yeye hakucheka. Amesema katika miaka kumi na minane ya uwakili hapa Kigoma amepata wateja wawili tu wa jambo hili, na wote walicheka walipofika hapo.

Nimempa laki moja. Nimeuza heleni za marehemu Mama. Nyingine nitaleta — kutoka wapi, sijui.

Alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Napeleka ombi Mahakama Kuu kwamba siwezi kulipa. Wakikubali, vitu vyangu anakabidhiwa mtu wa serikali, anaviuza, anawagawia wanaonidai. Hakuna mdai anayeweza tena kunikamata peke yake. Na baadaye, nikiwa nimekuwa mkweli, naweza kuomba nifutiwe yaliyobaki. Kufutiwa! Nimetembea na neno hilo kutoka stesheni mpaka Mwanga, jua la saa saba, jua lenyewe sikulisikia.

Nina wiki mbili. Jumatatu tarehe 19 naitwa mahakamani nieleze kwa nini nisipelekwe jela ya madai. Mzee Adolf, mwenye maboti pale mwalo wa Katonga, alishinda kesi yake: milioni tano na laki mbili, dagaa alionikopesha mwezi wa pili. Ni mimi niliyesema tupeleke Tunduma, kuna bei. Lori lilikwama siku tisa kwenye tope, turubai likavuja, gunia thelathini zikaota ukungu. Niliziuza Mpanda kuwa chakula cha kuku. Shahada ya biashara. Daraja la pili la juu.

Jumanne, 6 Agosti

Fomu ya orodha ya wadai. Kila jina, kila kiasi, hakuna kuruka. Mwishoni naapa. Gervasi amesisitiza: kumficha mdai hata mmoja ni kosa la jinai.

Nimeijazia mezani kwa Mama Mdogo, yeye akiwa sokoni. Benki, milioni nane na laki sita. Mzee Adolf. Yunisi wa magunia, laki mbili na themanini — bado ananisalimia vizuri, ndilo linaloniuma. Mwenye stoo, miezi mitano. Mkopo wa chuo. Mikopo ya simu, minne. Huu wa pili niliuchukua nilipe wa kwanza, na wa nne sikumbuki niliuchukua nilipe upi.

Halafu mstari uliofuata. Kalamu ikakataa. Nikaenda kusonga ugali ambao hakuna aliyekuwa na njaa nao.

Niandike hapa basi, ambako hakuna kiapo.

Mimi ni mweka hazina wa Tusaidiane. Wanawake kumi na saba wanaoanika dagaa pale Katonga. Kila mmoja elfu ishirini kwa mwezi, miezi kumi na miwili: milioni nne na elfu themanini. Zamani walikuwa na sanduku, likavunjwa. Akaunti ya chama inataka katiba, usajili, picha, muhtasari wa kikao. Mama Hamdani, mwenyekiti wetu, akasema mambo marefu ya nini, si tunaye mtoto wetu msomi? Mama Mdogo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Pesa zao zikaingia kwenye akaunti yangu. Akaunti ileile benki inamokata rejesho la mkopo wangu.

Ziwa likafungwa Mei, miezi mitatu, samaki wazaane. Biashara ikasimama, akaunti ikabaki na za kwao tu. Tarehe 28, saa kumi na mbili asubuhi, meseji: milioni moja na laki moja na hamsini imekatwa.

Nilikaa kitandani na simu mpaka jua lilipofika mlangoni. Ningeweza kuzitoa zilizobaki siku ileile. Nilijua tarehe 28 nyingine inakuja. Sikuzitoa. Juni wakakata. Julai wakakata. Zimebaki laki sita na thelathini.

Sikuiba. Nilinyamaza tu, na kila niliponyamaza deni langu lilipungua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi zimefungwa. Mama Mdogo amenivuta mwaloni. Akina mama wanafunga upya vichanja, waya mpya, miti mipya. Ziwa linafunguliwa Alhamisi ijayo. Miezi mitatu wameishi kwa vitumbua na kulima vibarua, leo wote wanaongea kwa wakati mmoja.

Mapendo aliniona kwanza. Huyu ni rika langu, watu wao walitoka ng'ambo ya ziwa, mdomo wake hauna breki. "Mheshimiwa waziri wa fedha! Hela zetu zinanenepa huko benki?" Nikasema zipo. Akasema zisinenepe sana zikashindwa kupita mlangoni. Wakacheka. Nikacheka.

Zipo! Nilisema zipo!

Tunagawana Jumatano saa sita mchana, siku moja kabla maboti hayajaingia majini. Mama Mdogo alieleza, kama vile mimi sijui: mwezi ni mkubwa wiki ijayo, taa hazitavuta kitu, dagaa watakuwa wachache na bei juu. Atakayekuja na pesa taslimu ndiye atakayeondoka na beseni. Asiye nayo atakaa atazame vichanja vyake vitupu. Yeye na laki mbili na arobaini zake anataka beseni mbili.

Amenunua chandarua kipya cha kuanikia. Kwa mkopo. Ameniambia kwa siri, eti nisimwambie mtu.

Ijumaa, 9 Agosti

Kwa Gervasi saa tatu asubuhi. Nimemwomba aniambie lipi linafutika na lipi halifutiki. Akavua miwani.

La benki, linafutika. La Mzee Adolf, linafutika, ni biashara iliyoharibika, hakuna aliyemdanganya mwenzake. Stoo, magunia, mikopo ya simu — yote hayo. Mkopo wa chuo? "Huo wa serikali, tusiuote." Ungekuwa na mtoto unamtunza kwa amri ya mahakama, hilo nalo lisingefutika. Sina mtoto. Faini? Sina.

"Na lililotokana na hadaa," akasema. "Au kuvunja amana. Ukipewa mali ya mtu uishike, ukaila kwa ujanja, mahakama haikufutii hiyo. Unatoka umefilisika na hilo bado liko mgongoni."

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya jirani: hata kama hakuchukua kwa mkono wake? Hata kama benki ndiyo iliyokata?

Akauliza maswali matatu. Nilijua lini? Tarehe 28 Mei. Nilipojua nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Na mara ya pili, nilijua itakuja? Nilijua.

"Mara ya kwanza ningekutetea," akasema. "Hizo mbili zilizofuata, binti yangu, utazitetea wewe."

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima hesabu moja tu kichwani. Deni la benki lingefutwa. Nimelilipa! Nimelipa deni ambalo sheria ingenisamehe, nimelilipa kwa pesa ambayo sheria hainisamehi. Milioni tatu na laki nne na nusu. Kama ningeiacha benki initukane tu.

Jumapili, 11 Agosti

Misa ya kwanza. Sikwenda kupokea komunyo. Mama Mdogo aliona, hakuuliza. Njiani akasema labda nina malaria.

Leo nimewaza boti za kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Nimewaza pia maji yenyewe. Naandika ili nione neno hilo likiwa kwenye karatasi, nimeliona, sitaki. Nataka kuishi na watu waniite jina langu.

Jumatatu, 12 Agosti

Benki. Nimemwona Nikodemu, afisa mikopo, kijana mpole, tai yake kila siku ile moja. Nikamweleza kwamba zile hazikuwa zangu, zilikuwa za kikundi. Kama wangeweza kurudisha hata makato ya miezi miwili.

Akageuza kompyuta kidogo nione. Jina la akaunti: Skolastika. Hakuna kikundi popote. "Dada Skola, mfumo unaona jina tu." Hakuwa mkali. Hata alitaka kunifariji. Alisema katika wateja wake wote wa mwaloni, miezi hii mitatu ya ziwa kufungwa, mimi peke yangu sikukosa rejesho hata moja. "Hongera sana. Ukija kuomba mwingine, rekodi yako safi."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimesema.

Saa moja asubuhi, Mama Mdogo anapepeta mchele uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, nikapiga magoti sijui kwa nini, nikasema pesa za Tusaidiane hazipo. Nikasema yote. Tarehe zote tatu. Ungo uliendelea kuzunguka mpaka nilipofika Juni, hapo ukasimama.

Hakupiga kelele. Alisema: "Juni nilikuuliza pesa ya dawa ya mguu. Ukaniambia huna hata mia." Nikasema sikuwa nayo. Akasema, "Najua. Ndiyo hiyo nasema. Kwako hukuwa nayo na kwetu hukutuambia." Akaingia ndani, akajifunga kanga nyingine juu, akatoka. Nilidhani anakwenda polisi. Nilibaki nimepiga magoti mbele ya mchele.

Alirudi saa tano na Mama Hamdani. Mama Hamdani ni mtu wa miaka sitini na ushee, mkubwa wa mwili, kutembea kwake kunamchosha; alipoketi alivuta pumzi mara nne kabla ya kuongea. Nikamwamkia. "Marhaba, binti yangu. Umekula?" Sijala. Akaagiza niletewe chai kwanza. Nikainywa yote.

Ndipo akaeleza jambo ambalo sikulijua, maana mimi katika chama ni wa miaka miwili. Katika Tusaidiane hajawahi kuwapo mwizi. Wapo wakopaji tu. Mwaka wa sanduku, Angelina aliyekuwa na ufunguo alichukua laki tatu, mwanawe yuko hospitali Maweni, hakumwambia mtu. Walipogundua hawakumpeleka popote. Walikaa kikao wakaandika kwamba walimkopesha, tarehe ileile aliyochukua, wote wakatia dole gumba. Akalipa miaka miwili. Leo Angelina anakaa mstari wa mbele na hakuna anayemkumbusha.

"Sisi tukienda polisi tutapata nini? Wewe ndani, sisi nauli za kwenda kutoa maelezo. Kesho tunaandika tulikukopesha. Mei, Juni, Julai. Utalipa taratibu. Hizo laki sita tutawapa wale wenye shida zaidi."

Nililia mpaka nikaona aibu. Nilimshika miguu. Mama Mdogo alinitazama, akageukia pembeni, lakini baadaye alinirushia taulo.

Siku nzima nimejisikia mwepesi. Nimedeki nyumba. Nimefua.

Kisha saa kumi jioni, nikianika mashuka, nikaelewa walichonipa. Mkopo. Wanataka deni hili liitwe mkopo, na mkopo unafutika.

Jumatano, 14 Agosti

Saa mbili asubuhi nimempigia Gervasi, kabla ya chochote. Nilitaka aseme nimekosea.

Alikuwa anakunywa chai, nilisikia kijiko. Nikamweleza kikao cha leo. Sauti yake ikawa ya mtu aliyepata habari njema. "Wanakiri wenyewe walikukopesha? Wote? Na watatia dole? Basi hakuna amana iliyovunjwa hapo. Ni mkopo kama mingine. Uingize kwenye orodha, utafutika pamoja na yote." Akasema tarehe za muhtasari hajazisikia na hataki kuzisikia. Akasema nina bahati.

Nikauliza wao watapata nini. Akahesabu kwa sauti: mizani, simu, kitanda, baiskeli, benki nayo inavuta, Mzee Adolf naye anavuta. Labda elfu tatu tatu kila mmoja. Labda.

Na nisipowaandika? "Utakuwa umeapa uongo." Na nisipopeleka ombi kabisa? "Jumatatu ni ya Mzee Adolf. Utalala ndani." Akataka nipitishe ombi leo leo, kabla ya saa tisa na nusu. Nikalichukua ofisini kwake saa tatu na nusu, limechapwa vizuri, limebaki jina moja, la Tusaidiane, na sahihi yangu.

Saa saba. Naandika chooni, nyuma ya stoo ya mwaloni. Nimeomba ruhusa. Daftari nilikuwa nalo kiunoni.

Kikao kilianza saa sita kamili. Mama Hamdani alisema yeye mwenyewe, kwa kifupi, bila kunipamba na bila kunichafua. Ziwa lilisikika. Kisha Mapendo akasimama.

"Kwa hiyo wiki iliyopita ulipocheka, ulikuwa unacheka nini?"

Nikatazama vichanja.

"Nakuuliza wewe! Mimi nimeagiza beseni. Nimemwambia mtu wa boti kesho nakuja na hela mkononi. Nikampe nini, cheti chako cha chuo? Tulikupa kwa sababu umesoma! Angeshika Mama Hamdani kwenye upindo wa kanga zingekuwepo mpaka leo!"

Mtu akasema Mapendo, taratibu. Akasema taratibu ni ya watu wenye chakula. Mwingine akanung'unika kwa Kiha, wawili wakaguna. Angelina ndiye aliyenyanyuka. Hakunitaja. Alisema tu, "Mimi niliandikiwa. Aandikiwe na yeye," akaketi. Na ikawa kama mlango umefunguliwa. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuuliza wino uko wapi.

Mapendo akasema yeye hatii dole bure. Niape. Nikasimama. Akasema niape kwa kaburi la mama yangu kwamba nitalipa, hata kama ni elfu tano kwa wiki, na yeye awe wa kwanza. Watu wote kumi na saba walikuwa wananitazama na hakuna aliyesema aniache.

Nikaapa. Nilisema maneno yote. Nilisema "nitawalipa" na nilikuwa namaanisha, Mungu wangu, nilikuwa namaanisha! Na wakati uleule kichwa changu kilikuwa kinahesabu dakika za kutoka hapa mpaka Mahakama Kuu kwa bodaboda.

Hawajui. Hakuna hata mmoja anayejua. Wanadhani karatasi ile inaniokoa na polisi. Ni kweli inaniokoa. Na saa ileile inanipa ufunguo wa kuwafuta. Nilitakiwa kusema pale pale: akina mama, subirini, msitie dole, mkiliita mkopo mahakama inaweza kulifuta, mkiliita kwa jina lake haliwezi. Maneno machache tu. Mtu aliyesoma angeyasema kwa dakika moja. Nilifungua mdomo nikaomba kwenda chooni.

Nikiwaambia, wataniita nilivyo, na Jumatatu naingia ndani kwa Mzee Adolf, na nikitoka bado nawadai — nawadaiwa — siwezi hata kuandika sawa. Nikinyamaza, nafutiwa. Tayari nimewahi kunyamaza mara tatu. Najua kunavyofanyika, hakuhitaji nguvu.

Kupitia tundu la mlango naona meza. Mama Mdogo alikuwa wa kwanza kutia dole, alikandamiza sana, kama anaziba tundu. Sasa ameketi pembeni amepakata mkoba wangu. Nilimpa anishikie. Ombi limo. Ameufunika kwa upande wa kanga jua lisiuchome, na hatafungua, hajawahi kufungua mkoba wa mtu.

Mlango unagongwa. Mapendo.

"Skola. Wewe. Toka humo, hakuna anayekupiga. Nimetia dole na mimi. Wote tumemaliza, imebaki sahihi yako." Kisha sauti ya chini, kama hataki wenzake wasikie: "Usilie bwana. Chooni kunanuka. Njoo."

Silii. Nimemwambia nakuja.

Anasubiri. Naona miguu yake chini ya mlango, malapa yamepishana rangi. Saa saba na dakika ishirini. Nimesema tena nakuja. Sijainuka.